Miezi saba nimepunguzwa kazi na bado natoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi na begi

Mzee wa Kivuko:

Wakuu salaam. Humu nimekuwa msomaji tu miaka mingi, leo naomba mnivumilie maana ni ndefu na wala sijaipanga.

Nilikuwa data klaki, baadae nikapanda kuwa afisa takwimu kwenye shirika moja lililokuwa linasimamia huduma za VVU huku kanda ya ziwa kwa hela za Wamarekani. Shirika silitaji. Kazi yenyewe ni kuzunguka vituo, unakaa na klaki wa CTC (kliniki ya wenye VVU) mnahakiki faili na kilichoingizwa kwenye mfumo, mnatafuta nani hajarudi kuchukua dawa na kwanini. Vituo vyangu vingi vilikuwa upande wa Sengerema kwa hiyo Jumatatu asubuhi ni kivuko cha Kigongo, Ijumaa jioni kivuko tena, na foleni ya pale waliopita wanaijua, kuna siku nimekaa masaa matatu naangalia daraja linavyojengwa pembeni huku natafuna hindi la kuchoma. Daraja limefunguliwa Juni 2025. Sijawahi kulipita. Sina cha kufuata ng'ambo.

Ilivyokuwa mnajua. Trump kaapishwa Januari 20, 2025, siku hiyo hiyo kasaini kusimamisha misaada ya nje siku 90, haikupita muda ujumbe ukaingia kwenye grupu letu la WhatsApp kwamba kesho mtu asiende kituoni mpaka atakapoambiwa. Tukadhani utani. Baadae wakasema huduma za kuokoa maisha ziendelee, wauguzi wachache wakarudi, sisi wa takwimu tukaambiwa subirini. Mwisho wa Februari ikaja barua.

Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, Oktoba mpaka Septemba kufuata mwaka wa fedha wa kule kwao, nimeshasaini sita. Kwa hiyo huu wa mwisho ulikuwa uishe Septemba 30. Nimelipwa mshahara wa Februari, mwezi mmoja wa notisi na siku za likizo zilizobaki. Basi. Kiinua mgongo hamna. Kikao cha kutuambia kilikuwa cha mtandaoni dakika 20, wengine tuliingia sauti zetu zimezimwa na hatukuruhusiwa kuziwasha.

Sasa tatizo lililonileta sio hela peke yake. Naishi na mama Buhongwa hapa Mwanza, mzee alishatangulia. Mama sijamwambia. Mwanzoni nilisema nitamwambia nikishapata sehemu nyingine, nikaona ni wiki mbili tatu, si nina uzoefu bwana. Kumbe watu wenye uzoefu kama wangu tumeachiwa siku moja mji mzima, nafasi moja ikitangazwa tunakutana wale wale kwenye usaili tunacheka kwa aibu. Kwa hiyo mpaka leo naamka saa 11, naoga, napiga pasi shati, mama ananifungia chakula kwenye kontena lile la bluu, saa 12 na nusu nipo kituoni napanda daladala ya mjini. Nikifika naenda zangu Capri Point nakaa kwenye mawe. Saa sita nakula. Jua likizidi nahamia kwa jamaa yangu ana steshenari pale Makongoro, nikikuta mteja namsaidia kutoa kopi. Saa 11 jioni narudi, mama ananiuliza za kazi, nasema nzuri.

Nilikuwa natoa hela ya nyumbani kwenye akiba na bado natoa, ila imebaki ya miezi miwili kwa kubana. Naomba mnisaidie, sheria inasemaje kwa mtu wa mkataba wa mwaka mwaka kama mimi, nasikia NSSF kuna fao la kukosa ajira je ni kweli au ni maneno, na la mwisho ambalo ndio kubwa, huu muda mnakaaje nao? Maana mimi siku naona ndefu kuliko nilipokuwa nafanya kazi.

---

Kichwa Ngumu:

Nyie watu wa NGO si ndio mlikuwa mnatutimulia vumbi na zile Land Cruiser nyeupe, posho ya siku moja ya kulala Sengerema ni mshahara wa wiki wa mwalimu. Leo mnalia. Karibuni mtaani, huku tunaishi hivyo tangu tumalize chuo.

---

Dada wa Igoma:

@Kichwa Ngumu kwenye Land Cruiser walikuwa wanakaa mabosi, klaki anapanda bodaboda na mabegi ya mafaili kama kila mtu. Mimi nipo kituo cha afya (cha serikali, bado nina kazi alhamdulillah) na kwenye chumba chetu cha CTC walikuwa watano wa mradi, siku moja asubuhi nimekuta viti vitano vitupu na kompyuta imefungwa na neno la siri analo aliyeondoka. Ikabidi tumpigie simu mtu aliyefukuzwa jana atusaidie kufungua. Akatusaidia. Hakudai hata vocha. Hao ndio unaowacheka.

Mzee wa Kivuko pole sana kaka.

---

Barua ya Njano:

Mkuu pole. Nimekaa kwenye masuala ya utumishi miaka mingi na barua kama yako nimeziandika, kwa hiyo naongea nikiwa upande uliozoea kuchukiwa.

Kwanza sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kupunguza wafanyakazi kipo kifungu cha 38, mwajiri haamki tu akatuma barua. Anatakiwa atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, akae na wafanyakazi au chama chao waongelee kama kuna namna ya kuepuka, nani ataondoka na kwa kigezo gani, na watalipwa nini. Kikao cha dakika 20 ambacho sauti zenu zimezimwa hicho sio kushauriana, hilo ni tangazo. Hata kama hela imekatwa na mfadhili. Kukatwa hela inaweza kuwa sababu halali kabisa, ila sababu halali haifuti utaratibu.

Malipo: notisi kwa mtu wa mshahara wa mwezi ni siku 28, hiyo wamekulipa. Likizo wamelipa. Kiinua mgongo kwa kifungu cha 42 ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Watu wanasikia kiinua mgongo wanafikiri ni nyumba na gari, mtu wa mshahara wa msingi laki 9 kwa miaka mitano ni milioni moja na ushee tu. Hapo watakwambia mikataba yako ilikuwa ya mwaka mmoja, kila mmoja uliisha wenyewe, na mkataba ulioisha kwa muda wake hauna kiinua mgongo. Wewe utasema hukuwahi kukaa nje hata siku moja kati ya mkataba na mkataba. Hayo ni mabishano, kuna wanaoshinda na kuna wanaoshindwa.

Ila mimi naona unaangalia hela ndogo unaiacha kubwa. Mkataba wako wa muda maalumu ulikuwa mpaka Septemba 30 na umekatwa Februari. Hiyo miezi iliyobaki ndio ya kudai. Sasa kachukue mkataba wako uusome kipengele kwa kipengele, mashirika mengi yanaweka mstari mmoja mahali fulani katikati kwamba ajira itategemea upatikanaji wa fedha za mfadhili. Kama upo, kazi ni ngumu zaidi. Kama haupo, tabasamu.

Baya ni muda. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mgogoro wa kuachishwa kazi ni siku 30 tangu uachishwe, migogoro mingine siku 60. Wewe una miezi saba. Bado unaweza kuomba kufungua nje ya muda ila uwe na sababu ya maana, na niseme ukweli "nilikuwa nakaa Capri Point" haiwezi kusimama. Kama kuna kipindi walikuwa wanakuahidi kwa maandishi kwamba mtarudishwa, subirini, tafuta hizo meseji zote na tarehe zake.

NSSF ni kweli sio maneno. Ukiwa umechangia miezi 18 na kuendelea, hujafika miaka 55, na hukuacha kazi mwenyewe, unapewa theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Nenda na barua, kitambulisho, na kabla ya yote kagua kama mwajiri alipeleka michango yako yote, hapo huwa kuna vituko. Kuna watu wanaona aibu kwenda kudai fao hili kama wanaomba sadaka, wakati ni makato yao wenyewe kila mwezi.

Halafu umepewa cheti cha utumishi? Ni haki yako, na usipokuwa nacho hilo pengo kwenye CV kila mtu atalitafsiri anavyotaka.

---

Binti Likoni:

Pole ndugu yangu. Nawasoma nikiwa Mombasa. Kwetu Kenya sheria ya kupunguzwa ni malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, na notisi ya mwezi mmoja kwako na kwa afisa wa leba, kwa hiyo hapo tumewazidi kidogo. Kwenye karatasi lakini.

Nataka kusema kuna kitu kibaya kuliko kufutwa. Mwaka 2020 nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya ufuoni. Machi ndege za nje zikasimama, Aprili 8 kaunti ikafungwa hakuna kutoka hakuna kuingia, na hoteli ikatupa likizo bila malipo. Hawakutufuta. Tukaambiwa mko bado ni familia yetu. Wallahi ile familia ilinitesa. Huna kazi lakini huwezi kutafuta kazi maana una kazi, huwezi kudai haki zako maana hujafutwa, na kila wiki unapiga simu unaambiwa labda mwezi ujao. Ndege zilifunguliwa Agosti, mimi niliitwa Desemba, nusu mshahara. Miezi yote hiyo yunifomu nilikuwa nimeitundika nyuma ya mlango, naiona nikilala naiona nikiamka. Siku nilipoitoa nikaikunja nikaiweka kwenye sanduku ndiyo siku nilianza kukaanga viazi karai pale nje, na nilipata wateja jioni hiyo hiyo.

Wewe barua unayo mkononi. Mimi ningeipata barua ningeshukuru.

---

Beki Tatu:

Na jina ni la uwanjani, nilicheza namba 3, msianze.

Mkuu swali lako la kukaa na muda mimi ndio naweza kujibu maana mambo ya sheria siyajui. Nilikuwa nacheza daraja la kwanza, sasa hivi wanaita Championship. Goti likapinduka mazoezini, hata mtu hakunigusa, niligeuka tu nikasikia "pah" kama mtu kavunja kijiti kikavu. Kano ya mbele imekatika. Daktari akasema miezi tisa. Timu ililipa kipimo, upasuaji tulichangiwa, na mkataba ulipoisha katikati ya ile miezi hakuna aliyenipigia. Sijui kama nilifukuzwa, hakuna aliyeniambia. Nimeona tu kwenye ukurasa wao wametambulisha beki mpya na jezi yangu.

Ulichoandika kuhusu kuamka saa 11 nimekielewa mpaka nikaacha kula. Nilikuwa naamka saa ya mazoezi. Miezi mitatu ya kwanza naamka, nakaa kitandani na magongo pembeni, nasubiri muda wa mazoezi upite ndio nilale tena. Kilichonitoa hapo ni mtaalamu wa viungo mmoja mzee, alichukua kamba ya kiatu akaizungusha kwenye paja zima akafunga fundo, akaizungusha kwenye paja la ugonjwa, ikapwaya kama vidole vitatu hivi. Paja limesinyaa. Akanipa ile kamba akasema kila Jumapili pima, usipime siku nyingine yoyote. Nikawa nafanya yale mazoezi yake ya kuinua mguu na kukaza paja, ya kijinga kabisa ukiyaangalia, halafu nasubiri Jumapili. Fundo lilisogea taratibu mno, kuna Jumapili mbili tatu halikusogea kabisa, lakini wiki ikawa na mwanzo na mwisho.

Kurudi nilirudi, ila sio daraja lile. Nacheza ndondo za mtaani na asubuhi nipo kwenye maduka ya spea. Naikumbuka zaidi ile kamba kuliko mechi zangu.

Wewe kamba yako ni ipi sijui. Ila kukaa kwenye mawe kuanzia asubuhi mpaka saa 11 jioni hiyo ni ile yangu ya kukaa kitandani nasubiri mazoezi yapite.

---

Mama Wawili:

Mwanangu mimi ni mama wa umri wa huyo mama yako na nakwambia anajua.

Wangu wa kumzaa alinifanyia hivyo hivyo alipoachishwa kiwandani. Alitoka asubuhi na viatu vyeusi anarudi na viatu vyeusi. Kiwandani kwao alikuwa anarudi na unga mweupe kwenye mishono ya viatu, miaka minne nimeufuta na brashi. Wiki ya kwanza tu nikaona viatu ni visafi. Sikusema. Nikasema mwanaume mzima ana sababu zake. Na mwisho wa mwezi ndio hauwezi kufichwa, alikuwa akipokea mshahara anapita na nyama kilo mbili na soda kubwa, ile tarehe ikafika akaja na nyama nusu kilo na maneno mengi.

Nilikaa miezi minne namfungia chakula nikijua hakuna anakoenda. Unajua mama anavyojisikia kufunga hicho chakula? Naweka nyama kubwa kwa sababu najua yuko mwenyewe huko. Usimfanye mwenzangu akaendelea kufunga.

---

Kichwa Ngumu:

Mama hapo umenimaliza. Mzee wa Kivuko kuhusu nilichoandika juu samahani, nilikuwa na siku mbaya.

---

Mzee wa Kivuko:

Wakuu nimechelewa kurudi, nilikuwa nasoma majibu narudia. Asanteni wote, Kichwa Ngumu usijali mkuu hata mimi ningeongea hivyo.

Apdeti. Jana Jumamosi mama alikuwa nje anachambua dagaa kwenye ungo, nikavuta kigoda nikaanza kuchambua nae, nikasema mama kazi iliisha Februari. Hakuinua hata kichwa. Akasema alishaambiwa tangu Machi na mama mmoja wa jumuiya, binti yake alikuwa kwenye mradi huo huo. Nikamuuliza sasa kwanini kila siku unaniuliza za kazi? Akasema nilikuwa nakupa nafasi ya kusema. Halafu akanigombeza, sio kwa kuficha, kwa ajili ya nauli. Amepiga hesabu ya nauli ya daladala kwenda na kurudi siku zote hizo, kaipata kabisa, anasema hiyo hela tungenunua dagaa gunia pale mwaloni Kirumba tungekuwa mbali. Nimecheka mpaka machozi, sijui yalikuwa ya kucheka au ya kitu kingine.

Kwa hiyo Jumatatu tunaenda mwaloni nae saa 11 alfajiri, anajuana na watu pale. Saa ile ile ya kuamka lakini begi nimeacha.

NSSF nimeangalia michango, imepelekwa mpaka Januari, Februari haipo. Hilo nitafuatilia kabla sijapeleka fomu.

Mkataba nimeusoma usiku kwa tochi ya simu maana umeme wa luku uliisha. Ule mstari wa fedha za mfadhili nimeutafuta kurasa zote 9 sijauona. Meseji za kutuambia tusubiri zipo, kuna moja ya Aprili kabisa inasema "msichukue maamuzi ya haraka tunaongea na mfadhili". Ila kwenye barua yangu hawajaandika kupunguzwa, wameandika mkataba "umefikia ukomo". @Barua ya Njano hilo neno linabadilisha kitu au ni lugha tu?

---

Barua ya Njano:

Linabadilisha sana, na hawakuliandika kwa bahati mbaya. Mkataba unaofikia ukomo unafikia tarehe yake na tarehe yake ni Septemba 30, sasa ulifikiaje ukomo Februari? Hiyo ya Aprili usiifute, itoe kopi kabisa kwa jamaa yako wa steshenari, iwe na tarehe na namba ya aliyetuma. Piga picha ukurasa wa kwanza wa mkataba na hiyo barua, ficha majina yote na la shirika, nitumie inboksi. Leo kama unaweza, Jumatatu si utakuwa mwaloni.

---

Beki Tatu:

Dagaa wa mwaloni nawekeza gunia moja. Sitanii, nani anajua bei ya sasa hivi?